Colt 1908 na Ruger LCP mfukoni: uzoefu wangu

Nimezibeba bastola hizi zote mbili, kwa kibali, muda wa kutosha kuzijua tabia. Moja ni Colt Model 1908 Vest Pocket, ile ndogo ya risasi za milimita 6.35 aliyoibuni John Browning. Nyingine ni Ruger LCP, iliyoingia sokoni mwaka 2008 na kutumia risasi fupi ya milimita 9, yaani .380. Ninayobeba siku hizi ni Ruger, ila si kwa sababu ambayo wengi huikimbilia.

Wengi huanza na nguvu ya risasi. Kweli, kichwa cha risasi ya Colt kina gramu 3 na ushee, ya Ruger kama 6, na ile ndogo wala haina kasi ya kufidia. Sibishani na hilo. Lakini bastola hizi ni za umbali wa hatua chache, na mimi kwa Colt nalenga vizuri zaidi. Kilichonihamisha ni swali moja tu: je, naweza kuibeba ikiwa na risasi kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu, tayari kufyatuliwa?

Colt haina nyundo, kile chuma kinachogonga pini ili risasi ilipuke. Ndani kuna pini inayosukumwa na springi, na ukishakoki, yaani ukishavuta nyuma slaidi (kile kifuniko cha juu cha bastola) na kuiachia, springi hiyo hubaki imebanwa kutwa nzima ikingoja kuachiwa. Ina kizuizi cha kidole gumba, na kingine nyuma ya mpini ambacho hufunguka ukiukamata. Vyote vizuri, lakini ni vyuma vya karne iliyopita, na hujui mikono mingapi imevichokonoa kabla yako. Ikianguka sakafuni ikiwa na risasi kwenye chemba, mimi sitaki kuwa karibu. Kwa hiyo niliibeba chemba ikiwa tupu. Sasa jaribu kuikoki kwa haraka: slaidi ni fupi, mistari ya kushikia ni midogo, vidole vina jasho, vinateleza. Na lazima mikono yote miwili iwe huru, jambo ambalo mwenye kukuvamia hatakuhakikishia.

Ruger ina nyundo, imefichwa ndani, na triga yake (kifyatulio) yenye mvuto mrefu ndiyo inayomalizia kuivuta kabla ya kuiachia. Bila kidole kwenye triga, nyundo haijakokiwa kikamilifu. Hata hivyo, anayetafuta iliyotumika afahamu kwamba Oktoba 2008 Ruger wenyewe waliziita za mwanzo zirudishwe, kwa sababu zilikuwa zinaweza kufyatuka zikianguka. Muulize muuzaji kama yake ilifanyiwa marekebisho hayo. Akibabaika, achana nayo.

Kwenye uwanja wa shabaha mambo yanageuka. Colt ina kama gramu 370 za chuma kitupu na risasi ndogo, hivyo haina teke la kusema. Unapiga magazini (kibweta cha risasi) baada ya magazini huku unatabasamu. Ruger ina gramu 270 hivi na mpini wa plastiki wa kushikwa kwa vidole viwili. Cha tatu kinaning'inia. Kila mlio, kikingio cha triga kinakugonga kidole palepale, na ukiendelea unaanza kukunja uso kabla hata hujafyatua. Matokeo yake watu huinunua kisha hawaifanyii mazoezi, na hilo kwangu ndilo kosa lake kubwa. Vinundu vya kulengea, kwenye zote mbili, ni kama havipo. LCP Max, toleo la baadaye la Ruger hii la mwaka 2021, imetibu hilo na inabeba risasi 10 kwenye magazini badala ya 6. Kama bado hujanunua, anzia hapo.

Usidhani bastola ya Walther PPK ya mwaka 1931 ni suluhisho la katikati. Ni nzuri kuitazama, lakini inakaribia gramu 600 na suruali inaonyesha. Mtutu wake haujifungi na slaidi, kwa hiyo ile ya .380 inarudi nyuma kwa ukali kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, na mwenye mkono mnene slaidi inaweza kumchana kati ya gumba na shahada.

Usafi: Colt hutaka kufutwa jasho na kupakwa mafuta kila jioni, la sivyo kutu. Ila kuifungua ni raha, unavuta slaidi kidogo, unazungusha mtutu, imekwisha. Ruger inataka uchomoe pini kwa bisibisi, na ukiwa mzembe unaikwangua fremu. Zote hujaa nyuzi za mfukoni, kwa hiyo nunua holsta (ala ya bastola) ya mfukoni inayofunika triga yote, na mfuko huo usiweke kitu kingine, hata ufunguo.

Malalamiko yangu ya mwisho kwa Ruger: risasi ikiisha, slaidi haibaki wazi. Unavuta triga, unasikia "tik", ndipo unajua. Colt nayo iko hivyohivyo, lakini ile ya 1908 nitaisamehe.