Kiti cha kuogea cha aluminiamu: tazama miguu kabla ya bei

Viti vya kuogea vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba mjini Moshi ukivitazama kwa mbali utadhani ni kiti kimoja. Kiinue, ukipindue, utazame miguu. Mpira wa chini uwe mpana, laini kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba, na ndani yake uwe na kisahani cha chuma. Bila kisahani hicho bomba la aluminiamu hukata mpira taratibu, mwisho chuma hukanyaga kigae, na kiti huteleza siku mgonjwa anapoegemea upande mmoja. Vyenye soli ya plastiki ngumu viacheni dukani, hata vikiwa nusu bei.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, chenye mgongo na mikono pande zote mbili ndicho cha kununua. Stuli tupu inamfaa mtu anayechoka tu. Kiti cha plastiki cha kawaida, kile cha sherehe, si mbadala: kwenye kigae chenye maji na sabuni miguu yake hutanuka na hupasuka bila kutoa dalili.

Kimo hupimwa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, mhusika akiwa amekaa. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga anahitaji kimo zaidi, nyonga ziwe juu ya magoti. Hakikisha vitufe vinavyofunga kimo cha miguu yote minne vimechomoza kabisa kwenye matundu. Kimoja kikibaki ndani, mguu huo utazama ghafla. Uzito wa mwisho ambao kiti kinaweza kubeba huandikwa kwenye lebo. Usipouona, usinunue.

Sasa bafu zetu. Nyingi zina choo cha kuchuchumaa humohumo, na mguu wa kiti ukiwa karibu na ukingo wa sinki unaweza kutumbukia. Pima nafasi kabla ya kwenda dukani. Sakafu nayo ina mwinamo kuelekea tundu la maji, kwa hiyo geuza kiti ili mgongo wake uwe upande wa chini. Mwinamo ukiwa mbele, mtu huteleza kutoka kwenye kalio la kiti akiwa na povu mwilini.

Vishikio vinavyonata ukutani kwa mpira wa kunyonya hewa, vinavyouzwa pamoja na viti hivi, sivipendekezi hata kidogo. Kwenye plasta hewa hupenya, kwenye vigae vidogo hupenya kwenye maungio, na kishikio huachia wakati uleule uzito wote umewekwa juu yake. Fedha hiyo mpe fundi afunge ukutani bomba la chuma la kushikia kwa skrubu na plagi za ukutani, sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni.

Hata kiti kizuri hakizuii kuungua. Juni na Julai, baridi inaposhuka, maji huletwa yakichemka kutoka jikoni. Tangulizeni maji ya baridi kwenye beseni, ndipo ya moto, na pimeni kwa kiwiko cha anayeogesha. Mwenye kisukari au ganzi hawezi kuhukumu joto kwa mguu wake. Nyuzi 37 au 38 zinatosha. Kwenye nyuzi 60 sekunde tano tu huunguza vibaya. Ndoo ya maji ya moto isikae mbele ya miguu yake. Na jiko la mkaa lisiingizwe bafuni kupasha hewa: gesi yake haina harufu na huua.

Mwogeshaji naye huumia, hasa mgongo, kwa kumvuta mtu kwapani. Kumvuta hivyo pia huweza kuteguza bega lililopooza. Suuza povu lote kwanza, mkaushe miguu, mwache atulie dakika moja kwani maji ya moto hushusha presha na akisimama haraka huona kizunguzungu. Kisha asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainame mbele, asukume kwa mkono wake usiopooza. Wewe simama upande dhaifu, kunja magoti yako kidogo, mshike kiunoni. Mafuta ya kupaka yasubiri chumbani. Tone likidondoka kwenye kigae halitoki kwa maji matupu.

Asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake akae wima, kiti hiki hakimfai, hata chenye mikono. Huyo aogeshwe kitandani.