Yumo ndani ya gari, programu inasema hakutokea

"Kaka, nimekaa hapa nyuma ya dereva, na ujumbe umeingia kwamba sikutokea kituoni." Aliyenipigia ni dada wa zamu ya asubuhi, na jua lilikuwa bado halijachomoza. Mimi ndiye ninayepanga magari ya wafanyakazi kazini kwetu, na programu hii ya kupanga njia na kusajili abiria tunaitumia mwezi wa 14 sasa. Kwenye kupanga njia sina ubishi nayo: kazi iliyokuwa ikinilia jioni nzima naimaliza kwa nusu saa. Kinachoniuma ni hizo taarifa za "abiria hakutokea". Zikifika tatu, mtu anafungiwa usafiri wiki nzima na jina lake linakwenda kwa msimamizi wake.

Nilianza kwa kumshuku dereva, tena nikamsemesha kwa ukali. Baadaye nilimwomba radhi, maana alifika kwa wakati na abiria wake akampakia. Kituo kile kimezungukwa na majengo marefu, na mawimbi ya GPS yakigonga kuta kabla ya kuifikia simu, simu hukosea mahali ilipo. Penye uwazi hukosea mita chache tu. Pale ramani ilimweka dereva mtaa wa pili. Mipangilio yetu ilitaka awe ndani ya mita 30 za kituo ndipo kitufe cha "amepanda" kifunguke. Hakikufunguka, dakika 5 za kusubiri zikaisha, programu ikajiandikia kwamba hakutokea. Kwa programu, asiyesajiliwa na asiyekuja ni mmoja, na hapo ndipo ninapogombana nayo.

Tulipanua duara hadi mita 150 kwenye vituo vya aina hiyo. Malalamiko yakapungua, lakini hayakuisha.

Huduma kwa wateja walinijibu upesi, ila jibu lao la kwanza lilikuwa niwaambie madereva wafute programu na kuiweka upya. Siku mbili zikapotea bure. Kilichonisaidia ni kufungua kumbukumbu za safari na kuzisoma mstari kwa mstari. Kila tukio lina saa mbili: saa lilipotokea kwenye simu ya dereva, na saa seva, yaani kompyuta kuu ya programu, ilipolipokea. Safari moja ilionyesha abiria ameskani msimbo wake wa kupandia gari saa 11:02 alfajiri, seva imepokea saa 11:19, na taarifa ya kutokutokea imetumwa saa 11:10. Simu ya dereva ilikuwa kwenye hali ya kuokoa betri, ikawa inaizuia programu kutuma data kila skrini inapozimika. Tuliiondoa programu kwenye kizuizi hicho, simu moja baada ya nyingine. Ukiletewa lalamiko, linganisha saa hizo mbili kabla hujamuuliza mtu yeyote.

Zamu za usiku zina lao. Mtu akitaka gari la saa sita na nusu, Jumanne usiku, moyoni ana usiku ule unaoanza Jumanne jioni. Programu inabadili tarehe saa sita kamili, kwa hiyo gari lilimfuata usiku mmoja kabla, yeye amelala. Siku hizi fomu yetu inasema "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano", na sijapata kosa hilo tena.

Adhabu ya moja kwa moja nimeizima. Taarifa inakuja kwangu kwanza, nampigia mhusika, kisha ndipo naithibitisha au kuifuta. Yule dada alikuwa na alama mbili. Zote nimezifuta na msimamizi wake nimemwandikia.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Mfanyakazi hawezi kuziona kumbukumbu hizo kwenye simu yake, mpaka mimi nimpigie picha ya skrini na kumtumia. Siku watakapomfungulia azione mwenyewe, nitaongeza ya nne.