Programu za ripoti na chati kutoka hifadhidata: ipi ununue ukiwa Uganda

Duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, lenye matawi Arua na Mbale halikosi takwimu. Kila keshia akiuza, mstari mpya unaingia kwenye hifadhidata ya MySQL. Anayekosekana ni mtu wa kumjibu tajiri anapopiga simu jioni: "Kijana, Arua wameuza ngapi wiki hii? Sukari imebaki magunia mangapi?" Kwa kawaida swali hilo hutupiwa mhasibu. Anatoa faili kwenye mfumo, analifungua kwa Excel, anachora chati, anaituma WhatsApp, na kesho yake anaanza upya. Programu ninazopanga hapa ni za kumpunguzia kazi hiyo: zinasoma zenyewe kutoka MySQL, PostgreSQL, SQL Server na nyinginezo za aina hiyo.

Nimezipanga kwa kuangalia mambo mawili: hifadhidata yenu inakaa wapi, na ni watu wangapi watakaofungua ripoti. Uzuri wa chati nimeuweka nyuma kabisa, maana chati ya pau ni ileile popote utakapoichora. Kinachomaliza pesa ni leseni inayotozwa kwa kichwa, kwa dola, kila mwezi.

1. Metabase

Kwa biashara nyingi za kati, naiweka hii mbele. Toleo lake huria ni la bure, halihesabu watumiaji, na linakaa kwenye kompyuta yenu wenyewe, kwa hiyo ripoti inafunguka hata bando likiisha. Fundi anaweka Java, anaendesha faili moja, na aliye kwenye mtandao wa ofisi anaingia kwa kivinjari cha kawaida. Meneja anachagua jedwali la mauzo, anachuja tawi, anajumlisha kwa wiki, na chati inatokea bila kuandika SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, hata mstari mmoja. Anayeijua SQL naye ana ukurasa wake wa kuandikia. Ukiunganisha barua pepe, dashibodi inaweza kumfikia tajiri kila Jumatatu asubuhi akiwa bado kitandani.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba ukiiwasha tu bila mipangilio, Metabase huhifadhi kumbukumbu zake, yaani dashibodi, maswali na watumiaji, ndani ya H2, hifadhidata ndogo ya faili moja. Hilo ni la kujaribia. Umeme ukikatika vibaya faili linaweza kuharibika na kazi yote ikaenda nalo, kwa hiyo mwambie fundi ahamishie kumbukumbu hizo PostgreSQL au MySQL siku hiyohiyo, na kompyuta iwe na UPS. Wa pili ni ruhusa. Kumzuia meneja wa Mbale asione mistari ya Arua ndani ya jedwali lilelile ni huduma ya matoleo ya kulipia. Kwenye toleo la bure unaweza kutengeneza mwonekano (view) wa kila tawi ndani ya hifadhidata, yaani jedwali linaloonyesha mistari ya tawi hilo tu, kisha ukampa meneja ruhusa ya ule wa kwake tu. Inafanya kazi, ila matawi yakifika kumi na tano fundi ataanza kulalamika, na atakuwa na haki.

2. Power BI

Kama ofisi nzima iko kwenye Windows na mhasibu anaijua Excel vizuri, hii inaweza kupanda ikawa ya kwanza. Power BI Desktop ni ya bure, na kwa kuchora ripoti ngumu, zenye bajeti dhidi ya mauzo halisi au mwaka huu dhidi ya mwaka jana, inaishinda Metabase waziwazi. Suala la kila tawi kuona mistari yake tu nalo limo humo.

Bili inaanza unapotaka kumshirikisha mwenzako. Leseni ya Pro ilikuwa dola 10 kwa mtu kwa mwezi, ikapanda hadi 14 Aprili 2025, na anayetazama anailipia kama anayetengeneza. Watu kumi ni dola 140 kwa mwezi, 1,680 kwa mwaka. Tukiikadiria dola kwa shilingi 3,600, hizo ni shilingi milioni 6 na ushee, na kodi bado. Halafu hifadhidata ikiwa ofisini, mnahitaji programu ya lango la kupeleka data kwenye wingu la Microsoft, na kompyuta yake isizimwe. Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku, asubuhi ripoti itabaki na takwimu za jana. Kwa Pro, mnaweza kupanga data isasishwe mara nane kwa siku, na kwa duka hiyo inatosha kabisa.

Muhimu: kitufe cha kuchapisha ripoti kwenye wavuti kinaiweka hadharani kwa dunia nzima, bila nenosiri. Kwa SACCO au zahanati hilo ni balaa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 haitauliza kama ulijua maana ya kitufe.

3. Excel mliyonayo tayari

Wengi wanairuka, nami naona wanakosea. Excel inaweza kuunganishwa na hifadhidata kupitia ODBC, yaani kiunganishi cha kawaida cha programu na hifadhidata: mhasibu anafungua kitabu kilekile, anabonyeza kusasisha, na jedwali egemeo (pivot table) na chati zote zinajaa upya. Kunakili na kubandika kunakwisha. Ukurasa mmoja unabeba mistari 1,048,576, lakini mwambie fundi ajumlishe kwanza ndani ya hifadhidata, asikuletee kila soda iliyouzwa tangu 2019. Kama ripoti inasomwa na watu wawili au watatu, ishieni hapa. Udhaifu wake ni nakala: faili likishatumwa WhatsApp mara tatu, hakuna anayejua lipi ni la mwisho.

4. Looker Studio

Ya Google, iliyoitwa Data Studio hadi 2022. Ni ya bure, inashirikishwa kwa kiungo, na inafaa sana kama hifadhidata yenu tayari iko kwenye wingu. Iko nafasi ya nne kwa sababu moja: seva za Google lazima ziifikie hifadhidata kupitia intaneti, na nyingi za huku ziko kwenye kompyuta chini ya meza, nyuma ya rauta. Fundi akikwambia dawa ni kufungua mlango wa MySQL kwa dunia nzima, tafuta fundi mwingine.

5. Apache Superset

Ilianzia Airbnb mwaka 2015, ni huria na ina nguvu, na aina za chati ni nyingi kuliko za Metabase. Inataka mtu wa Linux na Docker aliye karibu, si wa kuja mara moja kwa mwezi. Shirika lenye kitengo chake cha teknolojia liichukue. Duka liiache.

Grafana inafaa kwa vitu vinavyopimwa kila dakika, kama joto la friji za chanjo au mafuta ya jenereta. Tableau inapendeza sana, na leseni yake ya mtengenezaji, Creator, ni dola 75 kwa mwezi, inayolipwa kwa mwaka mzima. Kwa duka sioni hoja.

Jaribio kabla ya kulipa

Chukua ankara moja ya shilingi 800,000 ambayo mteja aliilipa kwa mafungu mawili: 500,000 kwa MoMo, 300,000 taslimu. Mwambie fundi atoe jumla ya mauzo na njia za malipo kwenye ripoti moja. Akiliunganisha jedwali la ankara na la malipo hivihivi, ankara ile inatokea mistari miwili, na mauzo yanakuwa 1,600,000. Chati itapendeza, tajiri atafurahi, na wote mtakuwa mmedanganyika. Kosa hili usitegemee programu ilizuie yenyewe, hata ya dola 75. Malipo yajumlishwe kwanza kwa kila ankara, ndipo majedwali yaunganishwe.

La pili ni saa. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Kituo cha mafuta kikiuza saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti, ripoti isiyopangwa vizuri inaandika 31 Julai. Mwezi unafungwa, takwimu zako hazilingani na za EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (URA), na ritani ya VAT inatakiwa URA ifikapo tarehe 15. Uliza mpangilio wa saa za Afrika Mashariki unawekwa wapi, na uonyeshwe.

Pia programu yoyote ya ripoti ipewe mtumiaji wake wa kusoma tu:

GRANT SELECT ON duka.* TO 'ripoti'@'192.168.1.%';

Hapo hata mtu akikosea, hawezi kufuta mauzo ya mtu. Na kwenye makubaliano na fundi, andikeni kabisa kwamba nenosiri la msimamizi na maswali yote ya SQL yanabaki kwenu, kwa nakala, siku anayomaliza kazi na kabla hajalipwa salio.