Seli ya kioo ya umbo la H kwa kazi za HMF: sponji safi, viungo vinasumbua

Kwa mnaoulizia zile seti za elektrokemia zinazouzwa mtandaoni, ile yenye vyumba viwili vya kioo na membreni katikati, sisi maabara tunayo na kazi yake ni moja, kugeuza HMF (kemikali inayotokana na sukari) kuwa FDCA (malighafi ya plastiki) kwa umeme. HMF unaipata ukiitoa maji fruktosi, sukari ya matunda, kwa asidi, na fruktosi unaweza ukaifikia kuanzia kwenye selulosi ya mabua ya mahindi au makapi ya miwa. FDCA ndo inatengeneza PEF, plastiki ya chupa, kampuni ya Avantium wana kiwanda cha FDCA Delfzijl kule Uholanzi ingawa wao wanatumia kichocheo na oksijeni, sio umeme.

Sponji ya nikeli iliyokuja na seti, ndo elektrodi yenyewe, naipa maksi zote. Ukiichovya kwenye KOH (hidroksidi ya potasiamu, besi kali) ya mola 1 kwa lita ukapandisha volti taratibu inajivika weusi, hiyo ni NiOOH (oksihidroksidi ya nikeli) na ndo mchapakazi mwenyewe, HMF inaanza kuliwa kabla maji hayajaanza kutoa oksijeni kwa hiyo umeme wako hauishii kwenye mapovu, na chumba cha pili haidrojeni inatoka muda wote yani umeme uleule unakupa kemikali huku na fueli kule, mi hapo ndo naipendea hii kazi. Kila molekuli ya HMF inatoa elektroni 6, ukiweka mililita 20 za HMF ya milimola 10 kwa lita unahitaji chaji ya kama kulombu 116, kwa miliampea 50 ni dakika 39 hivi kama hakuna kinachopotea. Ukimaliza tia asidi, unga mweupe wa FDCA unashuka chini mbele ya macho yako.

Shida ni viungo, pale vipande vya seli vinapoungana. Ni kioo kwa kioo, na KOH inakula kioo polepole mpaka vinang'ang'aniana, chetu kimoja kiligoma kabisa kuachia. Muuzaji tukamwandikia akasema tupake grisi, lakini grisi ya silikoni haivumilii KOH na inachafua vipimo, huo ushauri sio. Ulizeni seli yenye viungo vya kubana kwa klempu na oringi (pete ya mpira), mifuniko iwe ya tefloni.

Na HMF itieni mwisho kabisa, pawa saplai ikiwa tayari, maana kwenye KOH inaanza kuwa kahawia yenyewe hata kabla ya umeme na ikishafika hapo hairudi tena. Wakirekebisha viungo nanunua ya pili.