Rivyu: Kitabu cha sheria za Formula 1, ni cha bure ila njoo na subira yako

Nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu nimeitoa shingo upande. Naongelea kitabu chenyewe cha FIA, shirikisho la dunia linalosimamia mashindano ya magari, sio yale maelezo ya dakika tano ya YouTube wala anachosema mtangazaji huku gari zinapita. Unaingia kwenye tovuti yao unashusha pdf bure, hamna kujisajili hamna nini, na kila wakirekebisha wanatoa toleo jipya lenye tarehe yake na pale palipoguswa pamewekwa rangi tofauti, so huhangaiki kutafuta kipya kiko wapi. Kwa hilo nawavulia kofia.

Cha msimu wa 2026 wamekigawa kwa herufi: A mambo ya jumla, B mashindano, C gari, D na E pesa, F uendeshaji wa timu. Anza na B. Ukianza na C na wewe sio fundi utalala ukurasa wa pili nakwambia. Lugha ni Kiingereza cha mawakili, na wameandika kabisa kwamba ukitokea ubishi toleo la Kiingereza ndo linaloamua.

Utamu wa kitabu hiki uko kwenye vitu vinavyopimika, hapo hakina mpinzani. Chukua mbio za Spa, Ubelgiji, 2024, dereva George Russell kaenda na kusimama pit kubadili tairi mara moja tu, tairi zimechoka, kamzuia Lewis Hamilton mpaka mstari wa mwisho, kashinda, kapanda jukwaani kamwagiwa shampeni. Baadae gari linatolewa mafuta yote linapandishwa kwenye mzani, sheria ya mwaka huo ilitaka kilo 798, mzani unasoma 796.5. Kilo moja na nusu jamani! Ushindi umefutwa akapewa Hamilton, na hakuna aliyeulizwa kama alikusudia ama la, maana kitabu hakijali.

Au ule ubao wa chini ya gari, ambao watu wengi hata hawajui kama upo. Ukiwa mpya una milimita 10, mbio zikiisha wanapima sehemu maalum na haitakiwi ishuke chini ya 9. Timu zinataka gari likae chini kabisa kwa sababu chini ndo kuna spidi, na kazi ya ubao ni kuwafunga breki kwenye huo ujanja. Austin 2023 ubao huo uliwafutia matokeo Hamilton na Charles Leclerc. Las Vegas 2025 ndo balaa, Lando Norris na Oscar Piastri wote wawili wa McLaren wakafutiwa matokeo kwa ubao huo huo, wakati Norris anaongoza ubingwa! Mastiwadi, yaani waamuzi wa mbio, walikubali kabisa kwamba haikuwa makusudi, na bado wakafuta. Mi hapo napenda kitabu hiki mpaka basi. Na dereva Sebastian Vettel je, Hungary 2021, wanataka lita moja ya mafuta ya kupima, kwenye tangi wakafanikiwa kutoa lita 0.3 tu, nafasi ya pili ikaenda.

Sasa njoo kwenye kurasa ambazo hazina mzani, yaani zile zinazotegemea mtu aone, apime mwenyewe kichwani, aamue. Hapo ndo nyota zangu zilipoanza kupungua.

Spa 2021 walizungushwa kwenye mvua nyuma ya gari la usalama, lile linaloongoza magari polepole kukiwa na hatari, hamna kushindana, na nusu pointi zikagawiwa. Watu wakapiga kelele, FIA wakaandika jedwali jipya la mbio zilizokatishwa, ukimaliza kati ya nusu na robo tatu ya safari mshindi anapata 19 badala ya 25. Safi. Ikafika Suzuka 2022, mvua tena, wamekimbia mizunguko 28 kati ya 53, kila mtu na kalkuleta yake anahesabu 19, kumbe maneno yenyewe yanahusu mbio zilizosimamishwa zikashindwa kurudi, na hizi zilirudi zikaishia kwa muda kuisha. Pointi 25 kamili! Max Verstappen anaambiwa ni bingwa wa dunia na yeye mwenyewe anashangaa, hana uhakika kama ni kweli. Hebu niambie sheria gani hiyo ambayo bingwa hajui kama ni bingwa. Waliirekebisha baadae, sawa, ila ilitakiwa mtu aisome vizuri kabla ya kuichapisha.

Abu Dhabi 2021, mbio zilizoamua ubingwa kati ya Hamilton na Verstappen, sitaki kuirudia sana maana tutagombana, ila kitabuni ilikuwa hivi: utaratibu unasema magari yaliyozidiwa mzunguko yakishapita, gari la usalama linaingia mwisho wa mzunguko unaofuata. Mkurugenzi wa mbio akapitisha matano tu yaliyokuwa kati ya Hamilton na Verstappen na likaingia mzunguko ule ule. Mercedes walipopinga wakaonyeshwa kifungu kingine, kinachompa mkurugenzi mamlaka juu ya matumizi ya gari la usalama. Kwa hiyo kifungu kimoja kinakupa utaratibu, cha pili kinampa mtu ruhusa ya kuuruka. FIA walikuja kukiri yalikuwa makosa ya kibinadamu.

Laini nyeupe za pembeni nazo ni kero, Austria 2023 ziliripotiwa kesi zaidi ya 1,200 za magari kuzivuka na matokeo yakabadilika masaa kadhaa baada ya mbio kuisha. Mwaka uliofuata wakaweka kokoto kwenye zile kona na kelele zikatulia, yaani kokoto zilifanya kazi ambayo kifungu kilishindwa.

Kingine kinachonikera, kitabu hiki hakitoshi peke yake. Kuna kanuni kuu za FIA za michezo yote ya magari, hizo unashusha kando, na ndo humo wanamobanwa madereva kwa tabia. Verstappen alitukana kwenye mkutano na waandishi Singapore 2024, akapewa adhabu ya kazi ya jamii, akaenda kuitumikia Kigali mwezi Desemba na madereva chipukizi wa Rwanda.

Ushauri wangu kwa anayetaka kukisoma, usikisome kama riwaya. Kila wikiendi ya mbio mastiwadi wanatoa karatasi za maamuzi na kila karatasi imetaja namba ya kifungu, we fungua karatasi upande huu na kitabu upande ule, fuata namba. Za ubao na uzito utazielewa ndani ya dakika moja. Za nani alimsukuma nani kwenye kona, jipikie chai kwanza.