Blanketi la leso kwa bi harusi: fundi ni hodari, uzi wa kingo ndio tatizo

Binti yangu anaolewa, nikampelekea fundi mmoja karibu na Biashara Street, Mombasa, leso kuukuu za mamangu azishone blanketi. Fundi yule anajua kazi! Kwanza aliziloweka kwenye maji ya chumvi, maana leso nyekundu huchuja. Vipande alivikata kutoka kwenye mji, ile sehemu ya katikati, lakini jina la kila leso, yale maneno yaliyoandikwa, akaliacha zima. Unalisoma lote bila kukatika. Ndani katia pamba nyembamba, akaishikiza kwa mishono midogo ya mkono iliyolala sawasawa. Kingo ndizo zilizonikera: uzi hafifu, kona moja ikafumuka mara tu baada ya kufuliwa. Alirudia bure, bila kununa. Bei imechangamka kidogo. Ukienda, beba leso za pamba tupu. Za poliesta hazitaki kabisa.