Siku 81 nikisubiri senti ya kwanza: uzoefu wangu na bima ya kulinda kipato

Wakati nanunua bima hii nilitafuta sana maneno ya mtu aliyewahi kudai. Nikakuta ya watu waliowahi kununua tu, na wote walikuwa na furaha. Sasa mimi nimedai, nimelipwa, nimegombana nao kidogo, na nimerudi kazini. Jina la kampuni nalihifadhi, maana vipengele vilivyonisumbua nimeviona pia kwenye mikataba ya kampuni nyingine.

Mimi ni fundi cherehani, nimejiajiri. Sina mwajiri wa kunipa likizo ya ugonjwa, na siku nisiyoshona haina malipo. Nilianguka ngazi za nyumbani, zile tatu za mwisho ambazo mtu huzishuka akiwaza mambo mengine, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Kifundo kikavimba. Hospitali wakapiga eksirei, haikuonyesha kitu. Daktari akaandika "kuteguka", akanipa siku saba za kupumzika na dawa za maumivu.

Siku ya 13 nilikuwa bado siwezi kufunga mkasi. Kufungua naweza, kufunga siwezi. Na mtu akibonyeza kale kashimo chini ya kidole gumba, naruka. Picha ya pili ikatoa jibu: ufa kwenye skafoidi, kimfupa chenye umbo la mtumbwi upande wa kidole gumba. Daktari wa pili alinieleza kwamba ufa wa hapo mara nyingi hujificha kwenye picha ya kwanza, na kwamba damu hukifikia kimfupa hicho kwa taabu, kwa hiyo hupona polepole kuliko mifupa mingine ya mkono. Nikafungwa plasta ngumu, hogo kabisa, wiki kumi.

Naeleza haya ya mifupa kwa sababu neno lile la kwanza, "kuteguka", ndilo lililokuja kunigharimu.

Bima yangu ilikuwa hivi. Inalipa asilimia 70 ya wastani wa kipato changu cha miezi 12 ya nyuma. Hailipi chote, na wakala hakuficha sababu: kampuni haitaki mtu apate kitandani sawasawa na anachopata kazini. Kipindi cha kusubiri, yaani siku za mwanzo za kuumia ambazo hazilipwi, ni siku 30. Malipo yanaweza kwenda hadi miezi 24 kwa jeraha moja au ugonjwa mmoja. Na kutoweza kufanya kazi kunapimwa kwa "kazi yako mwenyewe", si "kazi yoyote". Hicho kipengele cha mwisho nilikilipia ada ya ziada huku nikinung'unika, nikaja kukishukuru.

Wakati wa kununua nilipewa kuchagua kusubiri siku 14, 30 au 90. Kadiri unavyokubali kusubiri, ndivyo ada inavyopungua. Nikajipigia hesabu kwamba mwezi mmoja nitauvumilia kwa akiba. Hesabu ilikuwa sahihi, swali ndilo lilikuwa baya. Nilidhani siku ya 31 pesa inaingia. Kumbe siku ya 31 pesa inaanza kuhesabika, na malipo hutoka mwisho wa mwezi uliokwisha kuugua. Kwa hiyo hata mambo yakienda sawa, pesa ya kwanza ni siku ya 60 hivi.

Kwangu mimi mambo hayakwenda sawa. Kampuni ilianza kuhesabu siku zangu za kusubiri tangu cheti cha pili, siku ya 13, kwa maelezo kwamba cheti cha kwanza kilisema nimeteguka na nipumzike siku saba, basi siku ya nane nilikuwa mzima. Kusubiri kukaisha siku ya 43. Mwezi wa kwanza wa malipo ukaisha siku ya 73. Wakachukua siku nane kupitia makaratasi. Senti ya kwanza niliiona siku ya 81, hogo likiwa limebakiza siku mbili kutoka.

Kitu kilichonikera kuliko hata ucheleweshaji ni simu ya wiki ya sita. Dada mmoja wa kitengo cha madai, mpole sana, akaniuliza maswali yaliyoandikwa mbele yake: unaweza kuendesha gari, unaweza kupokea simu, unaweza kusimamia msaidizi akishona. Nikajua tunakoelekea. Nikamwambia, "Dada yangu, shika uzi na sindano sasa hivi. Weka mkono wa kulia mgongoni. Halafu utunge." Akacheka, akanyamaza kidogo, akasema ameandika. Sijui aliandika nini, lakini swali la kusimamia halikurudi tena. Kama mkataba wangu ungesema "kazi yoyote", kicheko kile kisingenisaidia, maana kupokea simu naweza hata nikiwa na hogo.

Kuhusu zile siku 13, nilikata rufaa. Sikuandika barua ya malalamiko. Nilirudi kwa daktari wa pili nikamwomba aandike sentensi moja tu: kwamba ufa ulioonekana siku ya 13 ulitokana na kuanguka kwa siku ya kwanza, na kwamba tangu siku hiyo mkono haukuwa na uwezo wa kazi ya ushonaji. Nikaambatanisha cheti cha kwanza, picha zote mbili, na ukurasa wa daftari langu la kazi unaoonyesha kwamba tangu tarehe ya kuanguka sikupokea nguo hata moja. Baada ya wiki tatu wakanirudishia siku 13 zangu. Ukiumia, basi, usiridhike na cheti kinachotaja ugonjwa peke yake. Daktari aandike ni kazi gani huwezi kuifanya, na tangu lini. Madaktari wengi hawaandiki hivyo mpaka uwaombe, si kwa ubaya, wao wanatibu mkono.

Daftari hilo la kazi lina kisa chake pia. Wastani wa kipato unahesabiwa kwa faida, yaani mapato ukishaondoa vitambaa, uzi, umeme na kodi ya chumba. Wakati wa kujaza fomu ya kununua niliandika kiasi kinachoingia mkononi, nikajiona tajiri, na ada ikakokotolewa kwa utajiri huo. Wakati wa kudai wakaomba taarifa za benki na hesabu zilizopelekwa kwa mamlaka ya kodi, na faida ikatoka ndogo zaidi. Asilimia 70 ya namba ndogo ni namba ndogo zaidi. Nilikuwa nimelipia kinga ambayo nisingeweza kuipata. Hapa sina wa kumlaumu. Fomu iliuliza "kipato halisi", mimi nikasoma "kipato" nikaishia hapo. Na wale tunaopenda kupunguza hesabu mbele ya mtu wa kodi tujue kwamba hesabu hizo hizo ndizo bima inazisoma siku ya kuumia.

Kuna mikataba inayofunga kiasi tangu siku ya kununua, wakikubaliana nacho baada ya kukagua hesabu zako, na wakati wa kudai hawaulizi tena. Ada yake iko juu. Kwa mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka kama changu, ningeitazama hiyo kwanza.

Sehemu iliyonifurahisha ni malipo ya kurudi nusu. Wiki ya 14 tiba ya viungo ilikuwa imenifikisha mahali pa kupiga pasi, kukata kwa mkasi mwepesi, na kushona vifungo kwa saa mbili hivi kabla kidole gumba hakijagoma. Niliogopa kuwaambia, nikidhani wakijua nimegusa cherehani watafunga bomba. Kinyume chake, mkataba ulikuwa na kipengele cha kutoweza kwa sehemu: wanalipa kwa uwiano wa kipato ulichopoteza. Nikapata theluthi moja ya kipato changu cha kawaida, wao wakalipa asilimia 70 ya zile theluthi mbili zilizokosekana. Hadi wiki ya 20, niliporudi kikamilifu. Bila kipengele hicho ningekaa nyumbani nikijifanya siwezi kitu, na mkono ungekakamaa.

Ada ni jambo la kuangalia. Kwangu, ukishavuka kipindi cha kusubiri unasamehewa ada mpaka urudi kazini. Imeandikwa vizuri kabisa. Lakini benki yangu iliendelea kukatwa miezi miwili, kwa sababu makato ni ya mashine na mashine haisomi mkataba. Walirudisha nilipoomba. Nisipoomba, sidhani.

Halafu kuna mgongo. Miaka mitatu iliyopita nilijaza kwamba nimewahi kutibiwa maumivu ya mgongo, kazi ya kuinama hiyo, na kampuni ikajibu kwa kuutoa mgongo wangu wote kwenye kinga. Nilikasirika, nikasema heri ningekaa kimya. Wakati wa dai waliomba kumbukumbu zangu zote za hospitali za miaka mitano. Zilikuwa na mgongo kila mahali, na mimi nilikuwa nimeshautaja. Ningeficha, wangepata sababu ya kukataa hata mkono.

Watu wananiuliza kwa nini nisingechukua bima za bei nafuu zaidi. Nilikuwa nayo moja, ya kulipa kwa kila usiku wa kulazwa. Skafoidi haikulaza mtu, nilitibiwa na kurudi nyumbani, haikutoa kitu. Ile ya magonjwa makubwa hutoa mkupuo ukipata ugonjwa ulio kwenye orodha yao, kama saratani au kiharusi, na ufa wa mkono hauko kwenye orodha. Ya ajali hulipa kwa jedwali: kupoteza kidole kiasi hiki, kupoteza mkono kiasi hiki. Mimi sikupoteza mkono, nilipoteza matumizi yake kwa wiki ishirini. Na fidia ya kazini ni ya anayeumia kazini, ngazi za nyumbani kwangu si kazini hata kama nilikuwa nawaza kazi. Kila moja ina kazi yake, ila iliyoangalia pesa nisiyoingiza ni hii moja tu.

Mdogo wangu ameajiriwa, na alishangaa niliposema nasubiri siku 30. Kwao mshahara wa mgonjwa unaendelea. Wazo hilo si geni: Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, na mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 unaziambia nchi zilizokubali sehemu yake ya ugonjwa kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili asipate chini ya asilimia 45 ya kipato chake, na kusubiri kusizidi siku tatu. Siku tatu! Mtu aliyejiajiri anazinunua siku zake mwenyewe, na bei yake anaijua akishaona ada ya kusubiri wiki mbili.

Nimeihuisha bima. Nimebakiza siku 30, nimeshusha kiasi kilichokingwa kilingane na faida yangu ya kweli, na ada iliyopungua naiweka pembeni mpaka ifike matumizi ya miezi mitatu, kwa sababu sasa najua mwezi mmoja wa kusubiri una urefu gani. Picha ya mkataba iko kwenye simu, na mdogo wangu anajua faili lilipo, maana siku ya kuumia mimi mwenyewe nilikuwa sijui hata namba ya bima.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile siku 13. Nusu nimeikata kwa makato ya ada. Yule dada wa madai ningempa tano zake peke yake: siku ya kufunga faili alinipigia kuthibitisha tarehe ya kurudi kazini, akauliza maswali yake yote yaliyoandikwa, halafu akaongeza moja lisilokuwa kwenye karatasi. Alitaka kujua kama uzi umeingia.